Chuma cha Chapati Chini ya Gari

Mama, shikamoo. Natumai mguu umepata nafuu, na kuku wako wameacha kwenda kutagia kwa jirani.

Huku Mkwaja mvua imelowesha mpaka mito ya kulalia. Jana, kabla sijafika kijijini, gari lilipanda jiwe lililojificha ndani ya tope, likagonga chini kwa kishindo mpaka meno yakaniuma. Nikajua giaboksi imekwenda. Fundi wa hapa akajipenyeza chini, halafu akacheka: "Kaka, nani kakufungia chuma cha chapati huku?"

Nikamwambia ni cha mama yangu. Kimebonyea katikati kama bakuli, lakini oili haijavuja hata tone. Bila hicho ningelala porini.

Siku ile nilipokuwa nahangaika kutafuta chuma cha kukinga giaboksi, ulinipa chako ukasema umechoka kupika chapati. Leo asubuhi nimejilaza chini ya gari, nikaona ule weusi wa mafuta ya miaka yote bado umeng'ang'ania pembeni, nikajua ulinidanganya kusema umechoka.

Nakuletea kingine, kipana zaidi. Hiki niachie, Mama.

Mwanao,
Bakari