Makasha Yaliyokwenda Chuoni Kwako

Mdogo wangu Damiani,

Huku kwetu juu ya Mlali mvua zimechelewa, na wanaume wengi wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita. Nasikia huko Ulaya nako mnapigana. Sijui u hali gani. Posta ya Morogoro wanasema meli hazipiti tena, lakini nimeshindwa kunyamaza, basi naandika.

Unakumbuka tulivyokuwa tukilima maharage kwenye mteremko wa bibi? Mimi nalima, wewe unaokota vigae. Jembe likigonga kipande cha chungu cha zamani, ulikaa chini palepale ukakisugua kwa kidole mpaka michoro yake ikatokea. Bibi alikukemea: "Damiani, tutakula hivyo vigae?" Jioni, akidhani hatumwoni, alikukusanyia ungoni vile ulivyosahau.

Kisha akaja yule mwalimu Mjerumani wa chuo kikubwa cha kwao, akitafuta mkalimani aliyesoma misheni. Siku ya kwanza ulirudi umejaa vumbi, hata chakula hukukitaka. Uliniambia ardhi ina matabaka, la juu la watu wa juzi, la chini la watu ambao hata majina yao yamepotea, na kwamba huko Ulaya wapo vijana ambao masomo yao ni hayo tu. "Dada, wanausoma udongo kama sisi tulivyosoma katekisimu." Nilicheka. Wewe hukucheka.

Tulimzika bibi kiangazi kile, na wewe ndiye uliyemshika kichwa kumlaza. Baada ya hapo nikakusindikiza stesheni. Ulisema huko Ulaya utawafundisha wanafunzi wa mwalimu yule Kiswahili, na wao watakuachia nafasi kwenye benchi usome nao. Nikakuambia, "Wanangu hawana mjomba mwingine, Damiani." Ukajibu, "Nitarudi. Nataka habari za watu wetu ziandikwe na mtu wetu." Ulivyolisema jambo lile! Nikajiona mjinga kwa kulia.

Kiangazi kilichopita, kabla vita havijaanza, alikuja Mjerumani mwingine, kijana, ametumwa na mwalimu wako. Alikuwa na askari na barua ya serikali. Alianza kuchimba makaburi ya kale ya ukoo, pale penye mawe. Wazee walisimama kando, maana kila mtu anakijua kiboko cha askari. Aliposogea kwenye kaburi la bibi nikamwendea. Nikamwambia, "Bwana, huyu si wa kale. Huyu ni bibi yetu, amenilea."

Hakuwa mkali. Ndilo linalonisumbua. Aliuliza mimi ni nani, na alipojua akafurahi, akanishika mkono mbele ya watu wote. "Dada yake Damiani! Basi makasha haya yanakwenda chuoni kwake. Yeye na wenzake ndio watakaoyafungua. Atafurahi kuona vitu vya kwao."

Wakaendelea kuchimba. Nilimwona bibi, Damiani. Niliuona mkono wake wa kushoto, ule uliounga kombo baada ya kuanguka na kuni. Kijana yule aliupangusa kwa brashi, polepole, kama ulivyokuwa ukipangusa vigae vyako, akaufunga kwa karatasi.

Nilishuka kwa akida. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mama," akasema, "mimi nimeagizwa nitoe watu wa kuchimba. Sikuagizwa kuuliza." Nikapanda misheni. Padri alinihurumia, nisimsingizie. Akasema bibi hakubatizwa, na pale alipolala hapakuwa na msalaba, basi yeye padri hana neno la kuiambia serikali. Niliporudi, makasha yalikwisha kubebwa. Waliobeba ni majirani zetu. Walipita karibu na mlango wangu wakitazama chini.

Nilikuandikia siku zilezile. Nilitembea mpaka posta, na karani, kijana wa Mwembesongo, akanirudishia bahasha juu ya meza. "Vita vimeanza, dada. Rudi nayo."

Sasa mwanangu mkubwa anangoja jando, na wazee wananiuliza yuko wapi mjomba wake, na tambiko litafanyiwa wapi wakati pale penye mawe ni mashimo matupu. Napika, nalima, nawaangalia watoto. Wakati mwingine nakuona darasani, umeinama na wenzako, kalamu mkononi, mwalimu akisema, "Lete kasha la Uluguru." Hapo nashindwa kuendelea na kazi.

Kila siku naomba. Mwanzoni niliomba siku ile wakifungua uwe mgonjwa, uwe kitandani, kazi hiyo aifanye mwingine, wewe usijue kamwe. Kisha nikawaza: huyo mwingine ni nani? Atampima, atamwandika, atamrudisha kwenye karatasi. Nani huko atamwamkia? Basi siombi tena hivyo. Naomba uwe wewe, na Mungu anisamehe kwa kukutakia jambo kama hilo.

Jifunike vizuri kwenye baridi hiyo.

Mimi dada yako, uliyeniacha na wapwa zako