Misonge, na Kawa la Mama

Jumatatu, 7 Julai
Picha za pasi nne asubuhi. Mtoto mmoja alikataa kufumbua macho, mama yake akanilaumu mimi. Saa nane nimefunga duka, nikaenda Mbweni. Pale hotelini kuna paa la makuti, chini duara, juu ncha. Nimepiga mbili, mlinzi kanifukuza. Eti napeleleza. Napeleleza makuti!

Miaka tisa nafanya kazi hii na hakuna aliyenituma. Kila kitu cha umbo la msonge, napiga. Vichuguu. Tanuri la chokaa kabla halijawashwa. Kuni zilizosimamishwa barabarani zikiegemeana vichwa. Mke wangu Zuhura anasema wanawake wenzake wana wake wenza, yeye mke mwenziwe ni mapaa.

Imebaki picha moja tu. Kibanda cha makuti kinachochomwa Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Moto wake haufiki dakika tano, na ni mara moja kwa mwaka. Mwaka mmoja mvua. Mwaka mmoja kichwa cha mtalii mbele ya lenzi. Mwaka jana tulikuwa na msiba wa Mama, sikwenda. Mwaka huu sikosi.

Jumatano, 9 Julai
Nimesikia hoteli moja mpya Nungwi imejenga mahema ya ncha, kama ya Wahindi Wekundu wa kwenye sinema. Kumi na mawili, yamejipanga ufukweni. Upuuzi mtupu. Nitakwenda Jumamosi.

Jumamosi, 12 Julai
Leo nimefika Nungwi.

Mahema nimeyaona. Turubai jeupe, nguzo za mikandaa, feni ndani. Nikaambiwa niombe ruhusa mapokezi kwanza. Nikaingia mapokezi. Ukuta mzima wa picha za misonge ya Unguja, kubwa, zimetiwa fremu. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Nikadhani nimempata mwendawazimu mwenzangu.

Ya katikati ni kawa la Mama, kile kifuniko chake cha ukili cha kufunikia chakula.

Kawa la Mama, kwenye mkeka wa Mama, mwanga wa dirisha la Mama. Picha yangu. Chini yake kibao cha shaba: jina la Ameir.

Sikupiga hema hata moja. Nimerudi mjini.

Jumapili, 13 Julai
Sijalala vizuri. Niandike nilivyofanya ujinga, nisije nikajidanganya baadaye.

Ameir ni ndugu yangu, mtoto wa Mama Mize, mdogo wake Mama. Kazi ya kamera kajifunza dukani kwangu. Sasa ana duka lake Darajani na mashine ya kuchapa picha kubwa. Mama alipofariki nilimpa flashi yenye picha ile, aichape, tuitundike ukumbini nyumbani kwa Mama, Makunduchi. Akasema mashine mbovu. Kila nikiuliza, mbovu. Mwisho niliona haya kuuliza.

Mashine haikuwa mbovu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimeifungua ya asili kwenye kompyuta. Kawa lina kiraka cha ukili wa kijani, pale lilipoungua kwa jiko la seredani, Mama akakishona mwenyewe. Na ukingoni pana kidole gumba chake. Alikuwa analishika lisiyumbe, nikamwambia basi acha, akasahau kutoa kidole. Ndiyo picha ya mwisho ya Mama niliyo nayo.

Kule Nungwi kidole hakipo. Kakikata.

Namchukia. Naliandika hivyo hivyo, namchukia.

Jumanne, 15 Julai
Nimekwenda dukani kwake. Alikuwa na wateja, akanichekea, akaniagizia kahawa. Nikamwambia ya Nungwi nimeyaona. Hakushtuka hata kidogo.

"Kaka Pandu, kawa ni kawa. Nyumba gani haina kawa?"

Nikamwambia kiraka kile kashona mama yangu.

"Basi dai kwa mama'ko."

Kahawa nimeiacha pale pale. Nimetoka kabla sijafanya jambo mbele za watu. Nimetembea mpaka Malindi, nikageuka, nikatembea tena.

Alhamisi, 17 Julai
Nimepiga simu hotelini. Meneja ni Bi Farhat, mtu wa mjini hapa hapa, sauti yake kavu. Nilitegemea atanikatia simu. Kanisikiliza hadi mwisho. Amesema nilete picha ya asili, nilete na kawa lenyewe. Akiridhika, kibao kitabadilishwa, jina la Ameir litoke, langu liingie. Yuko safarini, anarudi Jumatatu ya tarehe 28.

Siku kumi na moja. Nitavumilia. Sitaki chochote kingine. Sitaki samahani yake. Nataka jina lake litoke chini ya kawa la Mama.

Jumamosi, 19 Julai
Makunduchi, kuchukua kawa. Nyumba ya Mama sasa anakaa Mama Mize. Nimemwamkia, ameitikia marahaba bila kuinua macho. Alikuwa anajua. Kawa lilikuwa mapajani mwake, analipangusa vumbi.

Kosa langu la pili: nikamweleza yote. Nungwi, Bi Farhat, tarehe 28. Nilidhani atamwonea haya mwanawe.

"Pandu, funika kombe mwanaharamu apite."

Mwanaharamu huyu hapiti, kakaa kitako. Sikusema, maana ni mwanawe.

Akaniambia Mwaka ni Jumatano. Kama nina donge na Ameir, uwanja upo. Niende nikampige, anipige, tumalizane. "Lililokwenda uwanjani halirudi nyumbani. Wazee wenu wote walifanya hivyo."

Kama siijui desturi yetu. Nimezaliwa hapa hapa Makunduchi. Watu wa upande wa kusini na wa kaskazini, mabua ya mgomba mkononi, kila mwenye kinyongo na mwenziwe anakitoa pale. Ukishampiga mtu, madai yako yamekwisha. Huwezi kumpeleka kwa sheha, huwezi hata kumnunia. Mzee mmoja jirani yetu alimpiga mwizi wa mbuzi wake mabua matatu, na mbuzi akabaki kwa mwizi mpaka leo.

Kwa hiyo mimi sipigi. Ameir simgusi hata kwa kidole. Nitakwenda na kamera yangu, nipige kibanda changu, na Jumatatu nakwenda Nungwi na madai yangu mazima.

Kawa nimelichukua. Mama Mize kaniomba Jumatano nilirudishe, la kufunikia sinia ya wageni, kisha nichukue tena. Nimekubali.

Jumanne, 22 Julai
Betri mbili zimejaa. Lenzi nimeifuta. Zuhura haji, anasema sura yangu siku hizi inatosha kuwa Mwaka Kogwa nyumbani. Nimemwapia mbele ya chakula: sitashika bua. Akasema, "Umeapa mno."

Jumatano, 23 Julai
Nimeharibu.

Niandike kwa utaratibu. Nilifika mapema, nikachagua mahali. Jua nyuma yangu, kibanda mbele, hatua kama kumi na tano. Mwaka huu wamekijenga vizuri mno. Makuti yamesimamishwa yakaegemeana, ncha moja juu, msonge hasa. Sijapata kuona kizuri kama kile. Nilifurahi kweli, namshukuru Mungu kwa dakika ile.

Mapigano yalikuwa yamekwishaanza. Vijana na watu wazima, maji ya mgomba yanaruka, wanawake wamevaa vizuri wanauzunguka uwanja wakiimba maneno makali. Simo, nikajiambia. Mimi na kazi yangu.

Mzee akaingia kibandani kama ilivyo desturi, moto ukatiwa. Moshi ukaanza kutoka kwenye ncha. Nikashusha pumzi, kidole kwenye kitufe.

Lenzi ikawa nyeusi. Shati jeusi. Ameir.

Kasimama mbele yangu, bua mkono wa kulia, bua mkono wa kushoto. Nikasogea kushoto, akasogea. Nikasogea kulia, akasogea. Nyuma yake nasikia makuti yanalia motoni, watu wanapiga kelele, mzee anatoka mbio.

"Toka, Ameir."

"Nitoe."

Akatupa bua moja miguuni pangu. Kisha akasema taratibu, kwa upole, kama anayenisalimia: "Kidole kile kilikuwa kinaharibu picha, kaka. Ndo mana nkakikata."

Kamera nilimkabidhi nani sikumbuki. Nakumbuka bua mkononi, zito, lina maji. Nimempiga begani. Nimempiga mgongoni. Nimempiga mpaka bua limekatika, nikaokota vipande. Naye kanipiga, mawili matatu, ya kutimiza desturi tu. Alikuwa anatabasamu. Nikampiga kwa lile tabasamu.

Tulipoachishwa kibanda kilikuwa majivu, na vijana wanarukaruka juu yake. Mwanamke mmoja akanirudishia kamera. Ndani yake picha mbili, zote shati jeusi.

Hapo ndipo nilipofahamu. Hakuja kupigana. Alikuja kupigwa. Mama yake kamwambia habari ya Jumatatu, naye kaja kunifungia madai yangu mbele ya kijiji kizima, na kufuli nimempa mwenyewe. Hasira hasara. Nilifundishwa chuo cha Kurani nikiwa na miaka sita, na bado.

Mama Mize akatuketisha sinia moja. Siku ya Mwaka hakuna anayekula peke yake. Kawa la Mama juu ya wali. Ameir ndiye aliyelifunua. Akalishika pale pale kwenye kiraka cha kijani, akalitazama, akaliweka pembeni kwa adabu. Kisha akala. Akala vizuri, mpaka ukoko.

"Yashakwisha, wanangu," Mama Mize akasema.

"Yashakwisha," Ameir akaitikia.

Wote wakanitazama mimi. Nikasema yamekwisha. Nikaushusha wali kwa maji, nikachukua kawa, nikarudi mjini.

Alhamisi, 24 Julai
Bega linauma. Ningependa lake liume zaidi.

Ijumaa, 25 Julai
Duka limefungwa. Nimekaa mbele ya kompyuta natazama kidole gumba cha Mama.

Naweza kwenda Nungwi. Hakuna atakayenizuia. Bi Farhat ni mtu wa mjini, hafungwi na desturi zetu, ataona picha, ataona kawa, atabadilisha kibao. Ushahidi ninao. Haki ninayo. Nilichokosa ni uso wa kurudi nao Makunduchi. Nikifungua lililofungwa uwanjani, nitakuwa mtu wa kwanza kwetu. Mama mwenyewe, angekuwa hai, asingenipokea mlangoni.

Ameir analijua hilo. Anaijua heshima yangu kuliko ninavyoijua mimi, na ndiyo aliyonipigia. Mwizi kabisa.

Jumapili, 27 Julai
Zuhura hakusema "nilikwambia". Kanikanda bega kwa mafuta ya nazi. Nilitamani aseme.

Jumatatu, 28 Julai
Sikwenda Nungwi. Saa nne Bi Farhat kapiga simu, ananingoja. Nikamwambia sina madai. Akauliza kama nimetishwa. Nikamwambia hapana, ni jambo la nyumbani, limekwisha, na kibao kibaki na jina la Ameir kama kilivyo.

Alikuwa karibu kukata. Akasema basi angalau nimsaidie jambo moja, maana wageni huuliza. Picha zote zina maelezo, ile imeandikwa "Kawa" tu. La wapi? La nani?

Nikapima. Jina la Mama halikwenda uwanjani. Hakuna aliyempiga mwenziwe kwa ajili ya hilo.

Nikamwambia aandike hivi: Kawa la Bi Mwanakombo binti Haji, Makunduchi, kalisuka na kulishona kiraka kwa mkono wake. Kwa herufi kubwa, juu ya jina la mpiga picha. Akaniuliza herufi kwa herufi, akaandika, akanisomea. Sawa sawa.

Ameir hupeleka kazi pale kila mwezi. Atapita mapokezi.

Mchana nimekula nyumbani. Zuhura alikuwa bado hajamaliza kusali, nikamngoja. Wali nimeufunika kwa kawa la Mama, nikalishika ukingoni lisiyumbe.