Mama Yako Hakuja Safari Hii

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha unayojifanya imekutoka, na nakuandikia mbele za watu kwa sababu ulilotutenda ulilitenda mbele za watu. Ukiona haya, zione hukohuko Riyadh.

Unalikumbuka lile karavani? Nilikuwa darasa la sita. Ulikodi gari refu jeupe, lina vitanda, jiko na choo humohumo, ukalileta mpaka mlangoni kwetu Rawdah, hapa Jidda, ukapiga honi mtaa mzima utoke kutazama. Bibi, mama yako mzazi, alilizunguka akaligonga ubavuni kama anayechagua tikiti maji. "Nyumba ina magurudumu," alisema. "Kodi ikitushinda, tunahama nayo." Ulicheka hadi ukashikilia mlango. Laiti ningekisahau kicheko kile, kukuchukia kungekuwa kazi nyepesi.

Tulipanda Taif, tukafuata milima kwenda kusini mpaka hifadhi za Asir. Ukungu uliingia madirishani. Nyani alituibia mkate wa kumimina mezani, na Bibi akamfokea, "Mwizi mkubwa wewe, hata bismillahi hukusema!" Mama alikaa mbele pamoja nawe, akikuonyesha njia ambazo ulikuwa umeshazipita. Nilidhani dunia nzima ni sisi wanne.

Kisha tukafika ile kambi, na karibu yetu familia ya Riyadh na karavani lao kubwa kuliko letu. Yule bwana alikuwa mfanyabiashara, nawe tangu salamu ya kwanza ulitaka akupende. Ukawakaribisha kahawa alasiri, yeye na mkewe. Bibi alikuwa mkekani, kanga kichwani, anamenya machungwa. Bwana akamtazama yeye, akakutazama wewe uliyechukua weupe wa babako, akauliza, "Na huyu?"

"Shaghala wetu," ulisema. "Mtumishi wa zamani, yuko nasi tangu mimi mdogo."

Mkewe akafurahi. "Mashaallah, msafi! Hamtuazimi na sisi?"

"Mchukueni hata kesho," ukajibu, na wote watatu mkacheka.

Bibi anakijua Kiarabu, Baba. Amekisema Jidda tangu alipofika na Babu baada ya mapinduzi, wewe hujazaliwa. Aliweka kisu chini, akainuka, akashika dele la kahawa akawamiminia wageni wako, kisha wewe wa mwisho. Ukapokea. Ukanywa, nami nakutazama.

Kuanzia hapo alikuita bosi. "Bosi, tusimame tuswali." "Bosi, chakula tayari." Njia nzima ya jangwani kuelekea Riyadh, bosi, bosi. Kwenye hifadhi ya choroa ulimpa mkono ashuke awaone wale wanyama weupe, ukamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, basi. Halas."

"Mama yupi, bosi? Mama yako hakuja safari hii."

Akashuka peke yake, akishikilia ubao wa mlango. Mama yangu aligeukia dirishani. Nimewahi kumuuliza kama siku ile alikuwa analia au anacheka, akasema vyote.

Na ulipewa nafasi nyingine, usiseme hukupewa. Tulipofika Riyadh, sokoni Al-Dirah, ulimnunulia Bibi shali ya sufu. "Ahsante, bosi," akasema. "Hii zawadi au mshahara?" Mwenye duka, mtu mzima wa Mombasa, aliposikia Kiswahili akachangamka. "Karibu, mama, karibu! Huyu bwana mwanao?" Bibi akakugeukia. Alikuachia wewe. Nami nilisimama kati yenu, nimekushika kanzu, nikisubiri neno moja tu. Ulilipa, ukatoka nje.

Yule bwana wa kambini akawa mshirika wako, kisha mkweo. Mama akadai talaka yake, akaipata. Sisi watatu tukabaki Rawdah, na wewe ukawa sauti kwenye simu siku za Idi.

Sasa umeniletea ujumbe. Umekodi karavani tena, unakuja Jidda na watoto wako wawili wa huko, unataka Bibi apande nanyi milimani kabla hajachoka zaidi. Sauti yako ilikuwa laini hadi nikakaa kitako kuisikiliza. Ndipo ukaongeza: "Ila watoto wanajua mama yangu alifariki zamani. Tutasema huyu ni mlezi wangu. Wewe mweleze, ataelewa."

Nimweleze mimi! Hata hilo umetafuta wa kukufanyia.

Bibi anawataja wale watoto katika kila dua, na hajawaona hata kwa picha. Nilitaka nikutukane, niufute ujumbe, nimwambie umeahirisha. Lakini ningekuwa nimemwamulia yeye ni nani, na kazi hiyo ina mwenyewe. Jana baada ya chai nilimwekea simu sikioni. Alisikiliza, akaniomba nirudishe pale mwishoni.

"Mlezi," alisema. "Uwongo hajasema. Nimemlea."

Alifuta miwani yake muda mrefu. Nilidhani atakubali, na nikaanza kukuchukia upya kwa hilo.

"Lakini kama nimeshakufa," akasema, "maiti haipandi gari kwenda kutazama nyani. Mwambie wajukuu nawataka. Awalete hapa, wamwone marehemu anavyokula."

Basi walete. Watapikiwa, watakaa naye, watamuuliza kwa Kiarabu yeye ni nani, na atawajibu mwenyewe. Sitalainisha neno lake hata moja. Watakalorudi nalo kwa babu yao Riyadh ni shughuli yako. Na ukiogopa usije, ila usinitume nimwambie kazi zimekuzidi. Nitamwambia umeogopa.

Ukija, watoto wapande ngazi kwanza. Wewe subiri chini uitwe. Kama ataita mimi sijui, wala sitamwomba.

Salamu sina za kukupa.

Mimi,
mjukuu wa mama yako