Goti la Kibii

Doha, 3 Machi 2024

Baba,

Habari za Bondeni? Mgongo unasemaje? Mimi ni mzima, ila situlii. Hata getini kazini nazunguka tu mpaka bosi ananiuliza nimepoteza nini. Nasikia Kibii haoni vizuri jicho la kushoto tangu tupigane ulingoni, na watu wanasema nilimpiga akiwa ameshapiga goti. Sikumbuki, Baba. Video zote za simu zinaonyesha mgongo wa refa. Wewe peke yako ulikuwa kona ile na kamera yako. Tafadhali osha hiyo filamu.

Mwanao,
Jerry

Bondeni, 20 Machi

Jerry mwanangu,

Tuko salama, mgongo ni ule ule. Mama yako anauliza kama unakula. Una haraka kuliko filamu yenyewe! Hii ya kasi, inayonasa picha hata kwa mwanga mdogo, ndiyo iliyotutoa kwa flashi. Zamani tulimmulika bondia machoni, akala ngumi ambayo hakuiona. Ilipokuja hii, taa za ukumbi zikatosha. Lakini jioni ile mbili zilikuwa zimeungua, nikaipiga kama filamu ya kasi mara nne zaidi. Ukifanya hivyo lazima uioshe muda mrefu, la sivyo picha hazitoki. Dawa ya kuoshea imeisha, nimeagiza Nairobi. Tulia.

Baba yako

Doha, 2 Mei

Baba,

Hamjambo? Dawa gani hiyo? Hata mtu wa miguu angekuwa ametoka Nairobi akafika! Au umeshaiosha unanificha? Mabaya nitayabeba. Huku kutojua ndiko kunanimaliza.

Jerry

Bondeni, 19 Mei

Jerry,

Sisi wazima. Dawa ilifika kitambo, mimi ndiye niliyeogopa. Jana nimeiosha, nikaitoa mapema kama filamu ya kawaida. Kosa hilo sijawahi kulifanya maishani. Ikatoka hafifu kabisa, nikamshukuru Mungu. Halafu nikaishika dirishani. Goti la Kibii liko sakafuni. Ngumi yako ya mwisho bado iko begani kwako, haijatoka.

Sijamwonyesha mtu. Ukisema niichome, nitaichoma. Wewe ni mtoto wangu.

Baba yako

Doha, 5 Juni

Baba,

Natumai barua hii inawakuta salama. Asante kwa kuniambia. Nimelia, sasa nimenyamaza.

Usiichome. Nimepewa ruhusa, nafika Ijumaa ya tarehe 28. Mwambie mama asinipikie siku hiyo, sitapitia nyumbani kwanza. Naenda Subukia kwa kina Kibii. Niletee hiyo picha stendi, nataka kumpa Kibii mimi mwenyewe.

Mwanao,
Jerry