Marashi ya Mugeni

Gahanga, Kigali

Dada Mugeni,

Simu zangu hupokei, basi barua hii anakuletea jirani yetu Zephaniah huko Lyon. Huku tupo, tunamshukuru Mungu. Mvua imenyesha, maharage ya Mama yamechanua.

Yale marashi uliyoyaacha, yanayonukia moshi na chai, nayapaka kila asubuhi. Mimi, niliyekuwa nikikucheka kwa kununua harufu ya jikoni! Lakini siku hizi Mama hamkumbuki mtu yeyote. Nikimsalimu kwa kumkumbatia, ananusa shingo yangu, anasema, "Mugeni, umerudi," ndipo anakubali kula.

Sasa chupa imekauka. Muuza marashi wa Nyamirambo alinichanganyia yanayofanana, huku akishangaa: "Dada, haya ya moshi nani anayapaka?" Nikamlipa, nikarudi nyumbani. Nilipoyapaka, Mama alininusa, akanisukuma. "Wewe nani? Toka nyumbani kwangu!" Tangu juzi hajala.

Dada, nakupigia magoti. Zephaniah anarudi Jumamosi, mpe chupa nyingine. Au njoo mwenyewe. Ila ukija, ukishamkumbatia, tafadhali umwambie kwamba na mimi ni mwanawe.

Mdogo wako,
Mukunde