Samaki Wanne Wasioliwa

Dodoma

Kwako Mama Koku, mke wangu, huko Muleba,

Waitu, mpenzi wangu, hujambo? Goti linakuruhusu kupalilia migomba ya kibanja chetu, au umelifanya kisingizio cha kushinda jikoni kwa jirani? Mimi mzima. Jicho lililopasuliwa linaona mpaka vumbi la juu ya kabati la binti yetu, na nilipomwambia hakufurahi.

Nasikia mnacheka huko, eti mzee kanunua samaki na hawali. Chekeni. Ila sikia ilivyokuwa, maana Koku anakusimulia nusu tu.

Daktari alinikataza kuinama na kubeba. Koku akaongeza yake: nisifagie, nisiende sokoni peke yangu, nisiguse jiko. Jicho jipya, cha kutazama hakuna. Nikatoroka hadi duka la samaki wa mapambo, nikachagua bakuli la kioo la mviringo, zuri kama tikiti, na samaki watatu wa rangi ya dhahabu. Nikawapokea kama tunavyopokea wageni kwetu, sahani isikae tupu. Kila nikipita nawadondoshea ndizi ya kuchemsha. Siku ya tano wote wakaelea tumbo juu.

Koku alisimama mlangoni, mikono kiunoni kama wewe. "Baba, wakifa wengine, kioo natupa. Utakaa utazame televisheni kama baba za wenzangu."

"Wasipokufa?"

"Watakufa."

Hapo alinichokoza. Nimelea watoto saba, nishindwe na samaki? Nikarudi dukani.

Muuzaji ni mama mnene wa maneno makali, ungempenda. Akasema maji kidogo huchafuka upesi na chakula kikibaki huoza kikawa sumu, kwa hiyo anayeanza achukue tanki kubwa, si bakuli. Nikaona furu kwenye kioo kimoja. Furu, Mama Koku! Wale wale wa ziwa letu tunaowala na ugali, hapa wamekaa kama machifu. Nikasema nipe hao, nawafahamu tangu utoto.

"Mzee, unafahamu ladha yao," akasema. "Tabia zao huzijui. Wanapigana."

Akaniahidi gapi wanne, samaki wadogo wavumilivu, lakini si siku hiyo. Kwanza nijaze tanki, dawa ya maji ya bomba iishe, pampu izungushe maji wiki nne. Akanipa na kipande cha sponji chafu kutoka tanki lake, akidai uchafu ule ndio uhai. Mimi wa darasa la nne nitabisha nini.

Wiki nne nilikaa mbele ya maji matupu. Koku akaleta marafiki zake wanione. Mmoja akauliza kwa upole kama hospitali walinipima na kichwa. Nikamjibu kwamba maji yangu yametulia kuliko mdomo wake. Sikuondoka kitini.

Ndipo nikawaweka. Chakula ni kiasi cha kubana kwa kidole kimoja na gumba, mara moja kwa siku, na mkono ukitaka kuongeza naukalia. Kila Jumamosi natoa ndoo moja ya maji, si yote. Sasa ni miezi miwili. Jumapili iliyopita, tulipotoka misa, Koku akawahesabu mara mbili. Wanne. Akasema bado wanaweza kufa. Nikamwambia hata yeye. Akaisogeza televisheni yake mwenyewe, tanki langu likapata meza.

Sasa na wewe usijisumbue kukataa. Krismasi nakuja nao, tafuta meza isiyopigwa na jua. Najua utasema ziwa liko hapo chini. Mama Koku, nimekula kutoka ziwa lile maisha yangu yote, na hakuna samaki hata mmoja aliyewahi kunisogelea. Hawa wakiniona wanakuja.

Nisalimie dada yangu Oliva, mwenye kuwatunza mbuzi wangu na kuwasema vibaya. Msalimie na kaka yako, aliyetangaza kilabuni kwamba samaki kazi yake ni mchuzi. Mwambie kiti chake kipo mbele ya kioo. Akija na kikaango atakaa nje na kuku.

Ni mimi mumeo, na kufuga samaki si dhambi, sitaungama,
Novati