Mkwe Aliyenyimwa Usukani

Musonda mwanangu,

Watoto wako wazima, wanakula ugali hadi wanalamba sufuria. Jirani yetu Bana Mwila, mama yake Mwila, ndiye anayeniandikia. Mkono wake, maneno yangu.

Gari hatujanunua. Tulikwenda kwenye yadi pale Kasama, mumeo Kapembwa mbele, mimi nyuma kabisa na pesa ulizotuma nimezifunga kifuani. Akaomba aliendeshe kidogo kabla ya kulipa. Muuzaji, kijana wa Lusaka, akatazama viatu vyake vya shambani.

"Mzee, hapa hatugawi lifti. Pesa unayo?"

"Anayo mama yule."

Kijana akanigeukia. "Bibi, unamjua huyu?"

Wewe unajua mkwe na mama mkwe hawatazamani wala kusemeshana. Nikafanya nilivyofundwa: nikajifunika kitenge, nikageukia ukuta. Yule mtoto wa mjini akadhani nimemkana. "Toka hapa, tapeli," akamwambia, watu wakacheka. Mtu aliyeendesha malori hadi Dar es Salaam! Akatoka zake.

Mila anaijua, lakini aibu haijui mila. Tangu siku hiyo haji kwangu kuwachukua watoto, anatuma mtu.

Omba ruhusa kazini uje. Kile chakula cha kumwingiza mkwe nyumbani, tunachokiahirisha kila mavuno, tukipike mwezi huu. Nikishamlisha nitaruhusiwa kumtazama. Pole yangu sitaki uibebe wewe. Nataka nimpe mwenyewe, uso kwa uso.

Njoo na mafuta ya kupikia, huku yameadimika.

Mama yako anayekungoja,
Bana Musonda